Mara tatu naambiwa gesi imeisha

Fundi wa kwanza wa AC hakupanda hata ngazi. Alisimama katikati ya chumba, akanyoosha kiganja juu kama mtu anayepima manyunyu, akakiteremsha, akasema, "Dada, gesi imeisha." Shilingi 70,000. Akaunganisha mpira wake kwenye mashine ya nje, akajaza, akapokea pesa, akaondoka na bodaboda iliyokuwa ikimngoja. Hiyo ni Novemba. Januari akaja mwengine, jawabu lile lile. Ramadhani, zimebaki siku kumi na mbili kufika sikukuu, akaja wa tatu, na kabla hajatua begi lake nikamwambia mie mwenyewe: "Gesi imeisha, au siyo?" Akacheka, akasema ndiyo, mama.

Mashoga zangu wawili wameniuliza wiki hii AC zao zina nini, na nimechoka kurekodi sauti za WhatsApp za dakika sita sita. Basi yote haya hapa, someni.

Kwanza nijieleze, maana kuna watu wakisikia fundi cherehani ana AC wanasema anajidekeza. Chumba changu cha kushonea kipo Chukwani, Unguja, mita nne kwa nne, mlango unatazama barabara na dirisha linatazama upande wa bahari. Ndani tupo watatu, vyerehani vitatu na meza ya kukatia. Kaskazi ikikaza, kuanzia Disemba mpaka masika yaingie, fukuto la humu halisemeki. Tone moja la jasho likidondokea satini ya bibi harusi, likikauka linaacha duara kama ramani ya kisiwa, na duara hilo halitoki. Nilishawahi kulipa satini ya mtu, mita tano. Baada ya hapo nikanunua AC, BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha joto inaloweza kuliondoa kwa saa), kwa pesa za msimu mzima wa Idi. Kwenye vitabu inaitwa kiyoyozi, na neno lenyewe zuri, lakini sijamsikia mtu akiingia humu akasema niwashie kiyoyozi.

Sasa ile Novemba. Fundi alipoondoka, chumba kilipoa siku mbili. Siku ya tatu AC ikarudi kupuliza pumzi ya mgonjwa, na jioni maji yakaanza kutona kwa mbele, juu ya meza ya kukatia. Nikapanda kiti. Ule mfuniko wa mbele hauna skrubu. Unaushika pembeni kwa vidole, unauvuta mpaka uusikie unaachia, unaunyanyua. Nyuma yake kuna filta mbili za wavu mwembamba. Mie sikuona wavu. Niliona kitambaa. Wallahi kilikuwa kitambaa, kizito kama flana, kimejifuma chenyewe kwa nyuzi za kila nguo iliyokatwa humu tangu Mfunguo Mosi. Safu ya juu ilikuwa ya kijani, yale madira ya harusi ya Fuoni. Chini yake nyeupe, kanzu za watoto wa madrasa. Chini yake tena zambarau, na hapo nikakumbuka kwamba mwenye zambarau yake hajanimalizia. Nikakibandua kwa ukucha kikatoka kizima. Nikakishika mbele ya taa: hakipitishi mwanga.

Na nyuma ya filta, barafu. Barafu ya kweli, nene kama kidole, imekumbatia koili yote.

Nilivyokuja kufahamu ni hivi. Koili ya ndani ni mabomba ya shaba yaliyopita katikati ya mabati membamba ya alumini, yamepangwa kama kurasa za daftari. Koili inakuwa baridi, feni inavuta hewa ya chumba kupitia filta, hewa inaacha joto lake kwenye koili, inarudi chumbani imepoa. Filta ikiziba, hewa haipiti, koili inakosa joto la kunyonya, basi inazidi kuwa baridi mpaka unyevu unaoigusa unaganda. Hewa yetu ya pwani, unyevu haiishiwi. Barafu ikishaanza inaziba njia zaidi, na barafu nyingine inaota juu yake. Yule fundi wa bodaboda alipozima mashine na kukaa nje na mpira wake, barafu iliyeyuka yenyewe. Ndiyo maana nikapata siku mbili za baridi. Nililipa 70,000 kwa kuyeyushiwa barafu.

Dawa yake ni maji na sabuni. Zima, acha barafu iyeyuke yote (usiichokonoe kwa kisu, mabati yale yanapinda kwa kidole, sembuse kisu), osha filta kwa maji ya mfereji, zianike kivulini kwa sababu juani plastiki inajikunja. Mie naosha kila Alkhamisi jioni kwa ajili ya nyuzi. Nyumba ya kawaida, kila wiki mbili tatu inatosha.

Halafu hili la gesi lenyewe. Watu wengi wanaidhani kama petroli ya vespa, kwamba unaitumia, inapungua, unaongeza. Siyo. Gesi ya AC ni kama kamba ya kuchotea kisimani. Inashuka na ndoo tupu, inapanda na ndoo imejaa, inamwaga, inashuka tena. Ndani ya chumba inageuka mvuke na kubeba joto. Nje inakandamizwa na kompresa, inatema lile joto, inarudi kuwa majimaji. Imefungiwa ndani ya bomba la shaba kutoka siku ya kwanza. Kamba haipungui kwa kuchota. Ukiona fupi, imekatika mahali. Kwa hiyo mtu akikwambia gesi imeisha, anakwambia kuna tundu, na akikujazia bila kulitafuta tundu, amekuuzia hewa kwa bei ya gesi. Mie hili sikulijua mpaka Januari, na Ramadhani ilipofika nikajiona nalijua kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Januari mambo yalikuwa mengine. Ndani feni inapuliza vizuri, filta safi, lakini hewa ni ile ile ya barazani. Nikatoka nje nikasikiliza. Nendeni mkasikilize kabla ya kumpigia mtu simu, haina gharama. Simama karibu na mashine ya nje, kaa kimya. Yangu ilikuwa inasema "mmmmm" kwa sekunde tano hivi, kisha "tak", kimya. Baada ya dakika chache tena, "mmmmm", "tak". Kama hamali aliyeshika gunia likamshinda, akaliweka, akajaribu tena.

Fundi wa pili alisikia sauti hiyo hiyo kwa masikio yake na bado akasema gesi. Sikulipa. Nilimwambia nitafikiri. Ijumaa baada ya sala mpwa wangu anayesomea umeme akapita kula, nikamtoa kwenye sinia ya pilau nikampeleka nje. Alizima swichi kuu kwanza, akafungua bati la ubavuni, akanyoosha kidole: "Shangazi, tazama hichi." Kikopo cha alumini, kimo chake kama kopo la nyanya, na juu kimevimba kama kopo la nyanya lililooza. Hiyo ndiyo kapasita. Inaipa kompresa msukumo wa kuanzia na kuisaidia kuendelea kuzunguka. Ubavuni imeandikwa 35, yaani maikrofaradi 35. Alipoipima kwa mita ikatoa 11. Tukanunua nyengine mjini, shilingi 18,000, namba ile ile. Kompresa ikaamka mara moja.

Lakini msiende kuifungua nyinyi. Kapasita inaweka umeme ndani hata swichi ikiwa imezimwa, na mpwa wangu aliumaliza umeme wake kwanza ndipo akatia mkono. Kazi yenu ni kusikiliza sauti na kumwambia fundi: inanguruma, haizunguki, nipimie kapasita. Fundi akisikia hivyo anakutazama vyengine.

Kwa nini ikafa? Mpwa wangu anasema joto na umeme mdogo, na mie namsadiki, kwa sababu umeme wa Magharibi mnaujua. Adhana ikimalizika kila nyumba imewasha, taa zinanywea, feni inazunguka kama inasinzia. Umeme unatakiwa uwe volti 230. Stebilaiza niliyoinunua baadaye, kile kifaa cha kutuliza umeme, imeshanionesha 168. Kompresa ikijaribu kuanza na volti kama hizo haipati nguvu, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, na kila kilichomo kinachoka. Kama hamna stebilaiza, zimeni AC saa hiyo, muiwashe tena watu wakishalala. Na umeme ukikatika ukarudi, msikimbilie rimoti. Subirini dakika tatu, bora tano, ili gesi itulie pande zote mbili. Mashine za siku hizi zinasubiri zenyewe, na wengi wanadhani zimekufa, wanabonyeza, wanabonyeza.

Nasema hivyo huku nikijua kwamba tumeona makubwa zaidi. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni kule Bara mpaka Fumba, si mbali sana na hapa kwangu. Mtu wa umri wangu hawezi kusahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima kiza. Nilishona nguo za watu kwa cherehani cha mguu, taa ya chemni kushoto, na AC hata kuiota sikuiota. Waya mkubwa zaidi, wa megawati 100, ukawashwa 2013. Kwa hiyo nikianza kulalamika juu ya volti 168, mama yangu ananitazama tu, hajibu.

Kuna siku kosa lilikuwa letu wenyewe. Wasichana ninaofanya nao kazi wakiona joto wanashusha rimoti mpaka 16, wakidhani itapoa haraka. Haipoi haraka. Inapoa kwa mwendo ule ule, ila haitopumzika, na uniti za umeme za TUKUZA zinateremka mchana kutwa. Ishirini na nne, ishirini na tano, inatosha. Tena tulikuwa tunapiga pasi humu humu ndani. Pasi yangu ni ya wati 1,200. Wati moja ni BTU 3.4 kwa saa. Pigeni hesabu, ni BTU zaidi ya 4,000. Nilikuwa nimewasha AC ya 12,000 na pembeni yake nimewasha jiko linaloila theluthi nzima. Pasi ikahamia ukumbini siku hiyo hiyo. Sijapata kufanya marekebisho rahisi kuliko hayo, na hakuna fundi aliyeniambia.

Na siku nyengine ilitoa joto. Joto hasa, kama mlango wa tanuri. Nilishashika simu kumpigia mtu, ndipo nikaitazama rimoti: alama ya jua. Mtoto wa mteja alikuwa akiichezea wakati mama yake anapimwa. AC nyengine zina kizibo ndani kinachogeuza mwendo wa gesi, basi joto linachotwa nje na kumwagwa ndani. Huku kwetu sijui ni nani ataitaka alama hiyo, lakini binamu yangu aliyeko Copenhagen ndiyo anayopashia nyumba wakati wa baridi. Wao wanaiita pampu ya joto. Alinitumia video, kashtuka, mashine ya nje imeota barafu nyeupe, kisha ikaanza kufuka moshi. Haukuwa moshi. Ilikuwa inajiyeyusha barafu: inajigeuza kwa dakika chache, koili ya nje inapata moto, barafu inatoka mvuke, halafu inarudi kazini. Kule barafu ya nje ni ada, mradi iyeyuke. Ikikaa kutwa nzima haitoki, hapo ndipo atafute fundi. Huku barafu ikiota ndani ni maradhi siku zote. Alama ya theluji ndiyo yetu, na ile ya tone la maji si mbaya wakati wa masika, joto si kali lakini nguo zinanuka uvundo; inakausha hewa.

Ya maji kutona nisiyachelewe. Kama filta ni safi na hakuna barafu, basi mrija wa kutolea maji umeziba. Wangu uliziba mara mbili. Mara ya kwanza ute mweusi. Nilichukua pampu ya baiskeli, nikafunga kitambaa kwenye mdomo wa mrija huko nje, nikapampu kwa nguvu, na ute wote ukarudi ndani ukapaka ukuta. Kumbe unatakiwa kuvuta, si kusukuma. Mara ya pili nyigu alijenga kichuguu chake cha udongo mdomoni mwa mrija. Nikakitoa kwa kijiti na nikafunga kipande cha chandarua hapo mwisho, kilicholegea. Dada yangu aliyeko Wete, Pemba, yake haikuwaka kabisa, na ikatoa harufu. Fundi akamtoa mjusi kafiri aliyekauka juu ya ile bodi ya umeme. Alijilaza kwenye miguu miwili ya nyaya akaunganisha kisichounganishwa. Bodi ikabidi itoke Unguja kwa boti, siku tisa.

Basi Ramadhani.

Nina nguo thelathini na moja za sikukuu mezani, na AC inapoa kidogo, kila siku kidogo zaidi ya jana. Safari hii nilikuwa mtaalamu. Nikafungua filta: safi. Nikasikiliza nje: inazunguka, inanguruma sawa. Stebilaiza: 221. Nikachukua kipimajoto, nikapima hewa inayoingia juu, 30, inayotoka, 27. AC yenye afya inatakiwa ipunguze nyuzi nane mpaka kumi na mbili hivi. Nikashika mabomba mawili yanayoingia mashine ya nje. Siku zote yote mawili yanakuwa baridi, na lile nene linatoka jasho kama chupa ya soda. Siku hiyo lile jembamba lilikuwa limeota barafu nyeupe, na lile nene kavu kama kuni.

Nikamwita fundi wa tatu, kijana mmoja mpole, na mmeshasikia nilivyompokea. Aliposema ndiyo, gesi imeisha, nilimshukuru, nikampa nauli, nikamrudisha. Nilijiona mjanja. Mara mbili nimedanganywa, ya tatu sidanganywi.

Siku mbili tumeshona kwa feni, mataulo shingoni. Siku ya tatu wifi yangu akanipa namba ya mzee mmoja wa Jang'ombe anayetengeneza mafriji tangu mie nikiwa skuli. Akaja na vespa, mtungi umefungwa nyuma kwa kamba ya mnazi, kofia ya kiua kichwani. Hakunyoosha kiganja. Aliuliza mashine ya nje iko wapi, akachutama mbele yake, akashika bomba jembamba, akashika bomba nene, akakaa kimya.

"Mwanangu," akasema, "gesi imeisha."

Nikamwambia, "Mzee wangu, hata wewe?"

"Imeisha, ndiyo. Lakini hilo si suala. Suala imepitia wapi. Niletee kikombe cha maji na sabuni ya unga."

Akalikoroga povu mpaka likawa zito, akachovya sponji, akawa anapaka kidogo kidogo: kwenye nati za mabomba, hakuna. Kwenye vizibo, hakuna. Akafungua bati la nyuma, akaanza kwenye zile kona za shaba pembeni mwa koili, moja baada ya moja kutoka juu. Ya mwisho kabisa chini, povu likatulia, halafu likatoa jicho. Jicho likakua taratibu, likafika ukubwa wa punje ya kunde, likapasuka. Likaanza tena. Tukabaki tunalitazama sote wawili, na mie nikaona haya, kwa sababu ya yule kijana.

Mzee akapitisha kidole kwenye mabati ya alumini yaliyo jirani. Yakapukutika. Yalikuwa yamegeuka unga mweupe. Akakitia kidole ulimini.

"Chumvi. Mnaioshea maji gani?"

Hapo ndipo nilipojua mkosaji ni nani. Nilishasikia mahali kwamba watu wa karibu na bahari waoshe mashine ya nje mara kwa mara, na ni kweli, upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi ikikaa palipogusana alumini na shaba inakula. Kwa hiyo tangu mwaka jana nimemwagiza kijana wa hapa nyumbani aioshe kila wiki. Akaiosha kila wiki, mtiifu wa Mungu, kwa maji ya kisima chetu, ambayo sisi wenyewe hatuyanywi wala hatuyapikii chai kwa sababu yana chumvi. Yanatiririka kutoka juu, yanatuama chini kwenye ile kona ya mwisho, yanakauka, chumvi inabaki. Upepo peke yake ungechukua miaka kufanya niliyoyafanya mie kwa miezi.

Aliitoa gesi iliyobaki, akachomelea ile kona, akapaka povu tena kuhakikisha. Halafu akaunganisha pampu ndogo ya kunyonya hewa, akaiacha inanguruma kwa nusu saa nzima. Hakuna hata mmoja wa waliotangulia aliyekuja na pampu hiyo. Alinieleza kwamba hewa na unyevu vikibaki ndani ya bomba vinaiharibu kompresa. Alipomaliza akatoa mzani. Mzani! Akausimamisha mtungi juu yake, akasoma kibandiko cha ubavuni mwa mashine, kinachosema R410A, kilo 0.85, akawa anaachia gesi huku macho yapo kwenye namba. Mie ni fundi wa futi na chaki, sikati nguo ya mtu kwa macho, na nilivyoona mzani ule nikatamani kumbusu mkono. Anasema gesi hiyo ni mchanganyiko wa gesi mbili, na mtu anapojaza kwa kukisia anaweza akazidisha, na kuzidi nako ni maradhi.

Someni hicho kibandiko kabla fundi hajafungua mtungi wake. Mashine za zamani ni R22, ile inayoondolewa duniani kwa ajili ya tabaka la ozoni chini ya mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo inazidi kuadimika. Mpya nyingi ni R32, nayo inaweza kushika moto, basi fundi mwenye sigara mdomoni mwambie aimalize barazani. Hazichanganywi. Mtungi wa namba nyengine, mrudishe.

Gharama yote ilizidi mara mbili ya zile 70,000, na sikuomba kupunguziwa. Wakati anafunga mtungi wake kwenye vespa akaniambia koili yenyewe imeshaliwa. Ameziba tundu moja, ila ikinifikisha kaskazi ijayo nishukuru. Nimeanza kuweka pesa.

Yule kijana wa tatu nilimtumia ujumbe wa kumtaka radhi, kwamba alisema kweli, gesi ilikuwa imeisha. Akajibu usiku: "Sawa mama, ila ungeniacha nikujazie tu siku ile ile."

Zile nguo thelathini na moja zilitoka. Ya mwisho nilitia vifungo usiku wa kuamkia sikukuu, takbira zinasikika msikitini.

Sasa chini ya mrija wa maji nimeweka ndoo. Hewa ya hapa ilivyo nzito, tukianza kazi asubuhi, ikifika Alasiri ndoo ya lita kumi imejaa. Maji yenyewe hayana chumvi kabisa, ni unyevu wa chumbani uliogeuka maji kwenye koili. Mama yangu aliuliza kama anaweza kuyatawadhia, akaenda kumuuliza ustadhi, akarudi kasema yanafaa ni kama umande, lakini hajayatumia. Mie natia kwenye pasi, na haijatema uchafu juu ya nguo nyeupe hata mara moja tangu nianze. Yanayobaki naoshea mashine ya nje, namwaga kwa kopo kutoka juu, polepole, mpaka yatoke meupe kwa chini. Jana nilipomaliza nikapitisha kidole kwenye mabati, nikakionja. Chumvi bado ipo, kidogo.